Sukari, Kamba na Wanangu Wawili

Kama umeambiwa wiki hii kwamba una sukari, na hivi sasa umekaa jikoni unaitazama birika ya chai kama mtu aliyefiwa, kaa nami kidogo. Mimi si daktari. Ni fundi wa kushona nguo za kike, Mji wa Kale, Mombasa, na wala sitajaribu kukueleza kongosho hufanya kazi gani. Nilielezwa mara tatu, na mara zote tatu niliitikia kwa adabu nikatoka vile nilivyoingia. Nitakusimulia yaliyonipata tu.

Yalianza na uzi. Ilikuwa mwisho wa kaskazi, joto la kumfanya paka alale kwenye ngazi na kukataa kumpisha mtu, nami nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza kabla ya Ijumaa. Sindano ikakataa uzi. Nikaulamba uzi, nikaukata upya, nikausogeza kwenye mwanga, mwishowe nikatangaza kuwa ni uzi wa bandia. Binti yangu Nasra, wakati huo ana miaka kumi na moja, akanipokonya sindano na kuutunga mara moja huku akigombana na nduguye.

"Mama, wazeeka," akasema.

Nikaona ni kweli. Nilikuwa na miaka arubaini na moja. Macho yakififia, ni umri. Kiu niliilaumu kaskazi. Kwenda chooni kila saa niliilaumu kiu. Na kukonda sikumlaumu mtu, nilishukuru. Miaka kumi na tatu nilikuwa nimekaa nyuma ya cherehani, na tangu nitoke kwenye ile ya kukanyaga kwa miguu nikanunua ya umeme, hata vifundo vya miguu vilikuwa vimestaafu. Sasa ghafla mwili wapungua wenyewe. Wanawake wa mtaani wakawa wanisimamisha njiani.

"Mashallah, Rukia! Umerudi usichana! Wanywa nini?"

"Maji tu," nikajibu kwa maringo. Na haikuwa uongo. Nilikuwa nikimaliza mtungi.

Alhamisi bibi harusi alikuja kujaribu gauni. Mkono wa kulia ulikaa vizuri. Wa kushoto nao ulikuwa wa kulia. Nilikuwa nimekata na kushona mikono miwili ya upande mmoja, kwa hiyo mmoja ulielekea mbele na bibi harusi, na mwingine ulielekea nyuma kana kwamba una safari yake. Mamake, Bi Salma, ana sauti ya kusikika hadi Ngomeni, nami nikajikaza kuipokea. Hakupiga kelele. Alinikazia macho, kisha akatazama mtungi wa maji uliokuwa mtupu pembeni yangu, kisha akanitazama tena.

"Rukia," akasema polepole, "tangu uanze kushona hujaharibu hata kanzu ya mtoto. Wewe mgonjwa. Kesho nenda ukapimwe. Gauni ntalipeleka kwengine, na sikudai kitu."

Gauni lilishonwa upya na fundi mwingine, na lilikaa vizuri kuliko langu, jambo ambalo bado linaniuma. Lakini kila nikimuona Bi Salma sokoni namshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Kwenye benchi la kliniki ya sukari watu hawaulizani majina. Huulizana namba. Nilifika asubuhi ya Jumanne, siku ya kliniki yenyewe, kidole changu kikadungwa, nikapewa karatasi nikae. Mzee mmoja wa kofia nzuri ya vitobo akaniinamia.

"Umepata ngapi, mama?"

"Sijui kusoma hii," nikamwambia, nikampa.

Yeye alikuwa amepata tisa, na asubuhi nzima alikuwa akiitangaza hiyo tisa kama mtu ambaye mwanawe amepita mtihani. Akaisoma karatasi yangu. Akairudisha kwa vidole viwili.

"Ishirini na mbili," akasema kwa sauti ya msibani.

Bibi mmoja mnene aliyekuwa amenibana tangu nifike akasogea, akanipa nafasi ya watu wawili. "Kaa vizuri, mwanangu," akasema. Hapo ndipo nilipoogopa. Ukiona benchi la hospitali limekupisha, jua mambo si madogo.

Daktari alikuwa msichana mdogo, miwani mikubwa, maneno machache. Alinivua viatu akachukua kiuzi chembamba cha plastiki.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa, sema. Wasikia?"

"Wapi?"

"Nimekugusa kidole gumba."

"Lini?"

Hakucheka. Aliandika kitu. Na mimi, macho yamefumba bado, nilimuona babangu kwenye kile kiti cha kamba ukumbini, suruali yake imekunjwa na kubanwa kwa pini chini ya goti la kushoto. Alikuwa na sukari. Walikata kidole, kisha wayo, kisha mguu hadi gotini, na miaka miwili baadaye tukamzika. Kidole chake cha kwanza kilikuwa ni hicho hicho.

Daktari akanipa vidonge vya aina mbili, akaniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Namba isiposhuka, tutaanza sindano. Na mazoezi: nusu saa kila siku, mwendo wa kutoka jasho.

"Daktari, hapa Mombasa. Mimi hutoka jasho nikiwa nimelala."

"Mwendo wa haraka."

"Saa ngapi sasa?" Nikamhesabia siku yangu. Alfajiri kuwatayarisha watoto, asubuhi cherehani, mchana chakula, alasiri kuwapeleka chuoni kusoma Kurani, jioni masomo ya shule, na katikati ya hayo yote kuna watu wanaokuja kupimwa viuno na kukana vipimo vyao.

Alisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Watoto waenda shule na nini?"

"Na tuktuk."

"Iko wapi shule?"

"Tudor."

"Basi nusu saa unayo," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Nyumbani nilianza kwa kumwambia mume wangu, Feisal. Ni karani wa mizigo gatini Mbaraki, hufanya kazi kwa zamu, na ni mtu wa mzaha. Siku hiyo hakufanya mzaha. Alivaa viatu vyake akatoka, nami nikabaki nikidhani amekasirika. Akarudi baada ya saa nzima na boksi. Ndani mlikuwa na raba za kukimbilia, za kijani, kijani kile cha koti la polisi wa barabarani.

"Hazikuwa na rangi nyengine?"

"Zilikuwako," akasema. "Lakini na hizi gari zitakuona."

Mamangu ilikuwa shughuli nyengine. Sisi twakaa nyumba ya ghorofa tatu, ya urithi: chini ni duka langu la kushonea, kati anakaa mama, juu tunakaa sisi. Nilipomwambia, aliendelea kukanda unga wa mahamri bila kuinua uso.

"Huna sukari. Umepigwa jicho. Wote hao waliokuwa wakikusifu kukonda, ulisikia hata mmoja akisema mashallah?"

"Walisema wote, mama."

"Basi hawakusema kwa moyo." Akaupiga unga konzi. "Na hilo neno lisitajwe tena nyumba hii."

Tukaanza Jumatatu. Nasra, ambaye shuleni ni kiranja wa michezo na ana filimbi yake mwenyewe, alikuwa mbele. Nyuma yake mimi, buibui jeusi na raba za kijani. Nyuma yangu Swaleh, wa miaka saba, ambaye hukimbia kama risasi ukimwambia atembee, na ukimwambia akimbie hukaa chini kusalimiana na paka. Na Mji wa Kale una paka wengi. Tulichukua dakika hamsini na tano. Mwalimu wa zamu alitutazama langoni, watoto wameroa jasho na mama yao ameushika ukuta.

"Tuktuk imeharibika?" akauliza.

"La," akajibu Swaleh kwa fahari. "Mama ndiye ameharibika."

Tuktuk yenyewe haikuharibika. Ilikuwa nyuma yetu. Bakari, dereva aliyewapeleka watoto wangu shule tangu Nasra yuko chekechea, alitufuata siku tatu mfululizo, polepole, upande wa barabara, mashine inanguruma kwa huzuni.

"Dada Rukia," akaita siku ya tatu, "kama nimekukosea, nambie."

"Hujanikosea, Bakari. Ni daktari."

"Daktari kanunua tuktuk?"

Nikamweleza, nikiwa natembea, kwa sababu Nasra alikuwa akipuliza filimbi kila nikisimama. Bakari akasikiliza, kisha akasema jambo ambalo sikulisahau: "Basi mimi ntapita njia hii hii kila asubuhi. Siku miguu ikikataa, inua mkono tu."

Wiki mbili za mwanzo vile vidonge viliniendesha tumbo. Hili watu hawaambiwi, kwa hiyo nakuambia. Nilikuja kuvijua vyoo vyote vya misikiti na mikahawa kati ya nyumbani kwangu na Tudor, na walinzi wake nao wakanijua mimi. Swaleh alikuwa akiwatangazia, "Mama yuwaja, mfungulieni!" Nilitamani ardhi inimeze. Lakini tumbo lilitulia, kama daktari alivyosema, na wiki ya nne tulifika shule kwa dakika arubaini. Ikawa sina haja ya kuushika ukuta. Nilikuwa nikiugusa tu, kwa mazoea.

Kisha masika ikaingia. Mvua ya Mombasa ikiamua, vichochoro vyetu huwa mito, na watoto wakarudi kwa Bakari. Mimi nikafurahi kimoyomoyo. Nasra hakufurahi.

"Tuna ngazi," akasema.

Kama hujaziona ngazi za nyumba zetu, ni za mbao, nyembamba, zimesimama kama zimekasirishwa. Nasra akapanga: kutoka dukani chini hadi mlango wetu juu, na kurudi, mara kumi, kila alasiri. Swaleh atangulie, mimi nifuate, yeye nyuma na filimbi. Kishindo chetu kilikuwa kama cha mzigo wa magogo unaoteremshwa. Mara ya kwanza mama alifungua mlango wake kule kati akauliza kama kuna moto. Mara ya pili alifungua bila kuuliza. Mara ya tatu mkono wake ulikuwa nje ya mlango, na mkononi mna kaimati moja, ya moto, inadondoka shira ya sukari.

Nikaila. Nitakudanganya ya nini? Nilikuwa nimepanda ngazi sitini. Nikateremka, nikapanda, mkono upo, kaimati ipo. Kwa siku nne nilifanya mazoezi ya ngazi kwa bidii iliyomshangaza kila mtu, na kila mzunguko nilikuwa na kaimati yangu. Mpaka Nasra, siku ya tano, akabadilisha mpango akatangulia yeye. Mkono wa mama ukampa yeye ile kaimati kwa makosa.

Filimbi iliyopulizwa siku hiyo ndani ya zile ngazi! Nasra akaugeukia mlango.

"Bibi, wamuua mama!"

Mama akafunga mlango. Nikamrudisha Nasra juu kwa hasira, nikamwambia huyo ni bibi yake na adabu ni adabu, kisha nikateremka kubisha. Alikuwa amekaa kitandani na sinia la kaimati mapajani, analia bila sauti.

"Babako nilimnyima," akasema. "Miaka na miaka. Uji bila sukari, chai bila sukari, mkate mkavu. Alikuwa akiniomba kaimati moja tu, Rukia. Moja. Nami nikamwambia la, kwa sababu walisema atapona. Wakamkata mguu, akafa na hamu yake. Mimi sikunyimi. Siwezi tena kumnyima mtu."

Miaka yote ile sikujua. Nilidhani mama huchukia neno sukari kwa sababu ya mguu. Nikakaa karibu naye. Nikamwambia lililonijia: kwamba mimi sitaki kunyimwa, nataka kusaidiwa, na kwamba nikifa na shira mdomoni au nikifa bila shira, Swaleh atabaki na paka wake bila mama. Akacheka huku akilia. Tukala kaimati moja, tukaigawa, kisha akaniambia nimwite Nasra.

Nasra akaomba radhi. Mama naye akaomba radhi, jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani. Na kesho yake, kwenye mzunguko wa tatu, mkono ulikuwa mlangoni kama kawaida. Ulikuwa na gilasi ya maji baridi yaliyokamuliwa ndimu. "Pita, pita," mama akasema, "usinisimamie mlangoni."

Sasa nitakuambia upumbavu wangu mkubwa, ili wewe usiufanye. Miezi mitatu ilipotimia, nilitaka namba nzuri. Nilitaka kumuonyesha yule mzee wa kofia. Kwa hiyo usiku wa kuamkia kliniki sikula, asubuhi sikunywa hata chai, lakini vidonge nilimeza vyote, na kwa kuwa mvua ilikuwa imekatika nikasema twende shule kwa miguu, na twende haraka.

Tulikuwa tumeshavuka nusu ya njia nilipoanza kutetemeka. Jasho likawa baridi. Nikamuona Swaleh yuko wawili, na mmoja ananitosha. Nilitaka kusema tupumzike, maneno yakatoka yamechanganyika, na nakumbuka nikijiuliza kwa utulivu kabisa kwa nini barabara inasimama wima. Nikakaa chini kwenye ukingo wa barabara, mbele ya duka la vyuma.

Nasra hakupiga filimbi. Aliinua mkono. Bakari alikuwa pale kabla hajaushusha, maana, kama alivyoahidi, alikuwa akipita. Nilisikia sauti ya binti yangu, nyembamba lakini imara: "Ami Bakari, soda! Soda ya sukari, haraka!" Alikuwa amekisoma kile kijitabu nilichopewa kliniki, ambacho mimi nilikuwa nimekiweka chini ya mguu wa cherehani isiyumbe. Bakari akakimbia kwenye kioski, Nasra akaninywesha soda kidogo kidogo, Swaleh akaniketia miguuni nisiende popote. Baada ya robo saa ulimwengu ukarudi mahali pake.

"Umekunywa soda, mama," Swaleh akaninong'oneza. "Usijali, sitamwambia daktari."

Bakari akatupeleka wote kliniki, watoto na sare zao, akakataa nauli. Huko nilisomewa. Nesi alinisema, daktari akanisema, na yule mzee wa kofia, aliyepata kumi na moja siku hiyo na hasira zake ziko karibu, naye akanisema. Kisha nikaambiwa kwamba kipimo cha leo, tofauti na kile cha kudungwa kidole, hakijali kabisa nilikula nini jana. Chapima miezi mitatu yote kwa pamoja. Ukikaa na njaa usiku mmoja, chakucheka. Na namba yangu, hata kabla ya upumbavu wangu, ilikuwa imeshuka vizuri. Nilikuwa nimefaulu tayari, na nimejiangusha bure. Kidonge kimoja kikapunguzwa nusu, na sindano hazikutajwa.

Tukiwa tunainuka, Nasra akauliza. Hakuniuliza mimi, alimuuliza daktari.

"Mama atakatwa mguu?"

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu kidole changu. Alinisikia nikizungumza na babake, na miezi mitatu mizima alikuwa akitembea mbele yangu na filimbi mdomoni na hilo jambo moyoni. Nilikuwa nikimwita dikteta. Nilikuwa nimemlalamikia kwa babake kwamba mtoto huyu ana moyo mgumu.

Daktari hakumdanganya. Akavuta kiti. "Sijui ya miaka ishirini," akasema. "Ya leo naweza kukuonyesha. Shika." Akampa kile kiuzi cha plastiki, akaniambia nifumbe macho.

"Wasikia?" Nasra akauliza.

"Kisigino."

"Hapa?"

"Kidole kidogo."

Akasogea. Nilijua yuko wapi. Nilisubiri. Na kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu, nikasikia kitu.

"Gumba," nikasema.

"Kulia au kushoto?"

"Nasra, usinifanyie mtihani wa shule. Kushoto."

Nikafumbua macho. Alikuwa amekishika kiuzi kwa mikono miwili, machozi yanamshuka mpaka kwenye kola ya sare. Swaleh, ambaye hapendi kuachwa nje ya jambo, akavua viatu vyake akaomba naye apimwe.

Kusi ilileta upepo na raha. Asubuhi tulitembea, na jioni tulipanda kwenye paa, kule tunakoanika nguo, tukaruka kamba. Nilikuwa bingwa wa kamba nilipokuwa na miaka kumi, nikawaambia watoto watazame. Niliruka mara moja. Nilitua mimi kwanza, kisha mwili ukatua, kisha, ghorofa mbili chini yetu, mama akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Kamba ilikuwa imenizunguka kama mzigo wa kupelekwa Mbaraki. Swaleh alicheka mpaka akalala chini. Nikasema tena. Mwisho wa wiki niliruka saba. Mwisho wa mwezi thelathini, na nikaweza kuimba huku naruka.

Feisal alikuwa na lake. Hakupenda maneno ya majirani, akasema mkewe arukaruka juu ya paa, watu wa mtaa mzima watazama. Tuligombana, na si kidogo, kwa sababu nilijua si majirani. Kila akirudi kazini alikuta sisi watatu tuko juu tunacheka, na yeye yuko ukumbini na chakula kilichofunikwa. Nikamwambia, "Panda." Akasema amechoka. Siku moja akapanda na nguo zake za kazini, akasema hiyo si kamba, kamba tupewe sisi wa gatini. Akaruka mara tatu kwa mbwembwe, ya nne akatua kwa ubavu wa mguu.

Wiki tatu alikuwa na bandeji kifundoni. Mgonjwa wa nyumba akawa yeye. Nilimpandishia chai, nilimpandishia gazeti, nilimteremshia vyombo, na nilipokwenda kupimwa nesi aliniuliza nimebadilisha mazoezi gani, maana yananifaa. "Nauguza mume," nikamwambia. Tangu apone, yeye ndiye azungushaye kamba. Kuruka, hataki kusikia.

Imepita kaskazi nyengine tangu ule uzi. Sijapona, huu si ugonjwa wa kupona, na atakayekuuzia dawa ya kukuponya kwa wiki, mpishe aende zake. Nina kidonge kimoja badala ya viwili. Kidole gumba kina siku zake za kusikia na siku zake za kuwa bubu, nami hukikagua kila jioni kama mtoto mchanga. Kunenepa, sijarudi nilikokuwa wala sijawa msichana. Nimekuwa mwanamke anayepanda ngazi zake bila kupumzika katikati. Nashona mikono ya kulia na ya kushoto. Na kama wewe una watoto na wasema huna wakati, nakuelewa, lakini watazame: huo wakati wanao wao, mwingi, na hawana choyo.

Ila harakisha. Nasra ametimiza miaka kumi na miwili, na mwezi uliopita aliniambia, kwa heshima kabisa, kwamba wasichana wa darasa lake hawatembei na mama zao. Nikasema sawa, nitabaki na Swaleh. Akafikiri. "La, njoo," akasema, "lakini kaa nyuma. Usiniite. Na usipumue kwa nguvu."

Kwa hiyo sasa anatangulia hatua kumi, mkoba begani, kichwa juu, kana kwamba hatujuani. Miguu yake imekuwa mirefu mwaka huu. Nikilegea kidogo, zile hatua kumi zawa ishirini, na kona ya mbele itamficha. Sikubali. Nauvuta mkono wa Swaleh, nakaza mwendo, jasho lanitoka, na kila tukikaribia kona namuona ageuka nusu, haraka, kuhakikisha kwamba mwanamke yule asiyemjua bado yuko nyuma yake.